Mwakilishi wa Wazazi wa Darasa: Mwongozo Kamili wa Mwaka Mmoja wa Kazi

Wazazi wengi huchaguliwa kuwa wawakilishi wa darasa, hupigiwa makofi, kisha hufika mwisho wa muhula wa pili wakiwa wamechoka na hakuna jambo hata moja la darasa lao lililotatuliwa. Nimewasikiliza wengi wao, na karibu wote hukwama mahali pawili: hupeleka manung'uniko kikaoni badala ya kupeleka hoja, na hukubali kushika fedha ambazo si kazi yao kuzishika. Ndiyo maana hatua ya tano na ya nane hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote.

Maelezo haya yanafuata utaratibu wa shule za msingi za umma nchini Kenya. Mimi mwenyewe nilihudumu kama mwakilishi wa darasa katika shule mojawapo ya Kaunti ya Kilifi. Mzazi wa shule ya kibinafsi naye atafaidika, kwa kuwa sheria inataka chama cha wazazi katika kila shule, iwe ya umma au ya kibinafsi, isipokuwa yale niliyoyasema kuhusu malipo katika hatua ya nane.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari moja gumu, la kazi hii peke yake. Karatasi moja moja hupotea, na simu huibwa au huharibika.
- Nakala ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, hasa kifungu cha 29, kifungu cha 36 na Jedwali la Tatu. Inasomwa bila malipo kwenye tovuti ya Kenya Law, na kurasa unazohitaji ni chache. Zichapishe na kuzibana ndani ya jalada la daftari.
- Kalenda ya mihula yenye tarehe za vikao vya kamati tendaji ya chama cha wazazi, ambayo hapa naiita kamati.
- Orodha ya majina ya wanafunzi wa darasa, kutoka kwa mwalimu wa darasa.
- Orodha ya malipo yaliyoidhinishwa shuleni na namba rasmi ambako malipo hayo hutumwa.
- Kumbukumbu za vikao viwili vya mwisho vya kamati.
- Simu yenye salio la kupiga na kutuma ujumbe mfupi, kwa sababu si kila mzazi ana WhatsApp.

Ukikosa kitu kimoja kati ya hivi, kitafute katika wiki mbili za kwanza. Kumbukumbu za vikao ndizo hukosekana mara nyingi. Mwombe katibu wa kamati kwa maandishi, na uandike tarehe uliyoomba.

Hatua ya 1: Fahamu mamlaka yako yanaanzia na kuishia wapi

Jedwali la Tatu linaeleza kwamba chama cha wazazi kinaundwa na kila mzazi mwenye mtoto shuleni pamoja na mwakilishi wa walimu, na kwamba kamati tendaji yake ina wawakilishi kutoka kila darasa na walimu wawili. Kwa hiyo wewe si mgeni mwalikwa katika kamati hiyo. Wewe ni mjumbe kamili, na una haki ya kuuliza, kupendekeza na kupinga kwa niaba ya darasa lako.

Jedwali hilohilo linataja kazi za chama: kuendeleza malezi bora, lishe na afya ya wanafunzi, kudumisha uhusiano mwema kati ya walimu na wazazi, kujadili njia za kuchangisha fedha za maendeleo ya shule, kutafuta njia za kuwatia moyo walimu na wanafunzi, kujadili na kupendekeza malipo yatakayotozwa, na kusaidia uongozi wa shule katika ushauri na nidhamu ya wanafunzi. Zisome mara mbili. Kila jambo utakalolipeleka kikaoni liwe linaangukia chini ya mojawapo ya kazi hizo, kwani ndipo mwenyekiti atakapokosa sababu ya kulikataa kwamba halihusu kamati.

Usichanganye kamati hii na bodi ya usimamizi ya shule. Bodi ni chombo kingine, chenye wajumbe sita waliochaguliwa kuwakilisha wazazi pamoja na wajumbe wa mfadhili wa shule, walimu na makundi mengine. Kwa mambo mengi kamati yenu hujadili na kupendekeza, nayo bodi na mwalimu mkuu huamua. Mwakilishi anayewaahidi wazazi wake kwamba atamwondoa mwalimu au atapunguza malipo ameahidi kitu kisicho mkononi mwake, na wazazi hawatasahau.

Utajua umefaulu katika hatua hii ukiweza kumweleza mzazi mwingine, kwa dakika mbili na bila kusoma popote, jambo gani linaamuliwa na nani.

Hatua ya 2: Pokea kazi kwa aliyekutangulia, kisha muone mwalimu wa darasa

Mtembelee mwakilishi aliyepita hata kama mlishindana katika uchaguzi. Muulize mambo matatu: ni jambo gani aliliacha njiani, ni mzazi gani husaidia bila kelele, na ni ahadi gani shule ilitoa ambayo haijatimizwa. Andika majibu yake papo hapo.

Baada ya hapo omba nafasi ya kuonana na mwalimu wa darasa. Usiende mlangoni saa ya kipindi. Watoto arobaini wanakutazama, na mwalimu atakujibu kwa haraka ili uondoke. Saa za jioni, masomo yanapokwisha, ndizo njema. Kubaliana naye kuhusu njia atakayopenda kutumiwa ujumbe, saa ambazo asisumbuliwe, na mambo ambayo angependa uyapokee wewe kabla hayajafika kwa mwalimu mkuu.

Mwambie wazi kwamba hutapeleka jambo linalomhusu kikaoni kabla hujamsikiliza. Ahadi hiyo ukiitimiza mara moja tu, mwalimu ataanza kukueleza shida zake mwenyewe, na mara nyingi shida zake na za wazazi ni zilezile.

Hatua ya 3: Tengeneza orodha ya wazazi inayofanya kazi

Orodha ya ofisini humtaja mzazi aliyeandikishwa siku ya kumsajili mtoto. Huenda mzazi huyo anafanya kazi Mombasa au Nairobi, na mtoto analala kwa bibi yake. Unayemhitaji ni mtu anayemwamsha mtoto asubuhi na kumwangalia jioni akirudi.

Katika daftari lako chora safu hizi: jina la mtoto, mzazi au mlezi anayeishi naye, namba ya simu, njia anayopendelea, lugha anayoielewa vizuri zaidi na saa anayopatikana. Safu mbili za mwisho huonekana ndogo, lakini ndizo zinazookoa kazi. Katika darasa letu kulikuwa na baba aliyefanya zamu ya usiku hotelini, aliyelala hadi saa sita mchana, na bibi aliyezungumza Kigiriama kwa urahisi kuliko Kiswahili. Kabla ya kujua hayo niliwahesabu wote wawili kuwa wazazi wasiojali.

Omba ruhusa ya kila mzazi kabla ya kuandika namba yake au kuiweka kwenye kundi, na usimpe mfanyabiashara, mwanasiasa wala mtu mwingine orodha hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazilinda taarifa za watu, na kwa taarifa za mtoto inataka ridhaa ya mzazi au mlezi. Usiandike kabisa magonjwa ya watoto, hali ya ndoa za wazazi wala nani anadaiwa nini; daftari hilo siku moja litasahauliwa kwenye kiti cha matatu.

Orodha imekamilika pale kila mtoto wa darasa ana angalau mtu mzima mmoja anayefikika ndani ya siku moja.

Hatua ya 4: Weka njia mbili za mawasiliano, na kanuni tangu siku ya kwanza

Kundi la WhatsApp litakufaa, lakini lisiwe njia ya pekee. Wazazi wenye simu za mulika mwizi watumie ujumbe mfupi wenye maneno yaleyale, au wapigie. Nilipofanya hesabu katika darasa letu, karibu theluthi moja ya walezi hawakuwa kwenye kundi, na hao ndio waliokuwa wakifika kikaoni bila kujua ajenda.

Kanuni za kundi zitoke kabla ya ugomvi wa kwanza. Zikitoka baada yake, kila mmoja ataona zimetungwa dhidi yake. Tano zinatosha: mambo ya darasa tu, hakuna jina la mtoto kutajwa kwa ubaya, hakuna picha ya mtoto wa mwenzio bila idhini, hakuna kumjadili mwalimu kwa jina, na hakuna ujumbe baada ya saa tatu usiku isipokuwa wa dharura. Matangazo ya biashara, siasa na michango ya mazishi yawe na mahali pake pengine. Hilo la mazishi ni gumu kulisema, nami najua, lakini mkiliruhusu mara moja, tangazo la tarehe ya mtihani litazama chini ya salamu sitini za pole.

Ujumbe mzuri una tarehe, mahali, jambo lenyewe na kile mzazi anachotakiwa kufanya. Mfano:

"Hamjambo wazazi na walezi wa Gredi ya 4. Kikao cha kamati ni Alhamisi wiki ijayo, saa nane mchana. Naomba hoja zenu kuhusu chakula cha mchana na vifaa vya sanaa. Nitumieni mimi binafsi, au nipigieni, kabla ya Jumatatu jioni. Majibu ya kikao nitawaletea Jumamosi."

Tazama kwamba ujumbe huo unawaomba wazazi waandike kwa mwakilishi binafsi. Mjadala wa wazi kundini huwapa nafasi wenye vidole vyepesi, na mzazi mnyonge hunyamaza.

Hatua ya 5: Geuza nung'uniko liwe hoja

Hapa ndipo wengi hushindwa. Mzazi anakwambia, "Watoto wetu wanateswa njaa pale shuleni." Wewe unaingia kikaoni na kusema, "Wazazi wanalalamika kwamba watoto wanateswa njaa." Mwalimu mkuu anauliza ni watoto gani, lini, na nani aliwatesa. Huna jibu. Jambo linafungwa, na safari nyingine ukisimama kusema, watu wanatazamana.

Ukipokea nung'uniko lolote, lipitishe katika maswali haya kabla ya kulibeba:

1. Ni nini hasa kilichotokea, kwa maneno ambayo hata mwalimu hatayapinga?
2. Kimewahusu watoto wangapi kati ya wangapi?
3. Kimetokea siku zipi?
4. Wazazi wangapi umewauliza, na wangapi wanasema hakuna shida?
5. Tunaomba kifanyike nini, na nani ana uwezo wa kukifanya?

Swali la nne ndilo linalorukwa. Mwakilishi huwauliza waliolalamika tu, kisha husema "wazazi wote". Kamati ikigundua kwamba watano hawakuwahi kuulizwa, hoja nzima huporomoka. Waulize hata wasiokuja mikutanoni, na andika idadi ya wanaopinga.

Nitaeleza jinsi jambo hilo la njaa lilivyokuwa kwetu. Malalamiko yalianza wiki ya tatu ya muhula. Wazazi wengine walisema mpishi anaiba, wengine walisema mchango wa chakula umeliwa. Nilikwenda shuleni kwa idhini ya mwalimu mkuu na kusimama kando ya jiko kwa siku mbili. Sufuria la wali lilipofunguliwa, mvuke ulipanda na foleni ikajipanga haraka. Gredi ya 4 haikuwemo. Darasa lao lilikuwa upande wa pili wa uwanja, na siku hizo kipindi chao cha mwisho kabla ya chakula kilikuwa cha michezo, hivyo walirudi wakiwa na vumbi miguuni, wakaenda kunawa, wakafika mwisho. Mtoto wa mwisho alipofika mbele, mpishi alikuwa anakwangua ukoko, na maharagwe yalikuwa yamebaki mchuzi.

Hakuna aliyeiba chochote. Nilimshukuru Mungu kwamba sikusimama kikaoni na neno hilo mdomoni, kwa kuwa mpishi yule ni mama wa watu, na lisingefutika.

Hoja niliyoiandika baada ya kuwauliza wazazi ilikuwa hivi:

"Darasa: Gredi ya 4. Jambo: chakula hakiwatoshi wanafunzi wanaofika mwisho wa foleni. Ushahidi: katika wiki ya nne, wanafunzi 9 kati ya 48 walikosa maharagwe kwa siku mbili au zaidi, walezi 31 wameulizwa, 22 wanasema watoto wao hawana shida. Sababu inayoonekana: kipindi cha michezo kinaishia karibu na saa ya chakula. Ombi: foleni izungushwe kila wiki ili kila darasa lianze kwa zamu. Mwenye uamuzi: mwalimu mkuu."

Jambo hilo lilichukua dakika chache kikaoni, na foleni ikaanza kuzungushwa Jumatatu iliyofuata. Halikuhitaji fedha wala barua.

Tenganisha pia shida ya mtoto mmoja na shida ya darasa. Mtoto mmoja asiyesoma vizuri ubaoni anahitaji mzazi wake azungumze na mwalimu, na kazi yako ni kumwelekeza mzazi huyo, pengine kumsindikiza kama anaogopa. Watoto kumi na wawili wasioona ubao kwa sababu ya mwanga wa dirisha ni jambo la darasa, nalo ni lako. Na mtoto wako mwenyewe asiwe mfano wako kikaoni. Hata ukiwa na haki, wajumbe watadhani umeomba cheo ili umtetee mwanao.

Hatua ya 6: Ingia kikaoni ukiwa umeshapanga nafasi ya hoja yako

Mpe katibu hoja yako kwa maandishi wiki moja kabla, na uombe iwekwe kwenye ajenda. Usiiache ije chini ya "Mengineyo". Kufikia hapo watu wanatazama saa, wa mbali wanawaza matatu, na mwenyekiti hulisukuma kila jambo hadi kikao kijacho.

Soma kumbukumbu za kikao kilichopita ukifika kipengele cha "Yatokanayo", kwani ndipo unapouliza ahadi za nyuma kwa haki kabisa: nani alipewa kazi gani, na amefikia wapi. Zungumza ukisimama, kwa dakika tatu, ukisoma hoja yako kama ilivyoandikwa. Mkipishana maneno, mwelekee mwenyekiti na umjibu yeye. Usijibizane na mjumbe mwenzio.

Kabla kikao hakijafungwa, hakikisha katibu ameandika uamuzi, jina la mwenye kutekeleza na tarehe. Uamuzi usio na tarehe utaurudia kila muhula. Andika vilevile katika daftari lako, kwa kuwa kumbukumbu rasmi huchelewa.

Itatokea kwamba kamati inakataa ombi la darasa lako. Omba sababu iandikwe. Wazazi wako hukubali kushindwa kwa sababu inayoeleweka. Wasichokubali ni ukimya.

Hatua ya 7: Rudisha majibu ndani ya siku mbili

Hatua hii ni fupi, na haisameheki ikirukwa. Ndani ya siku mbili za kikao, watumie wazazi mistari minne: tulichoomba, tulichojibiwa, kinachofuata, tarehe. Usieleze nani alisema nini, wala usitoe siri ya mjadala. Wale wasio na WhatsApp wapigie jioni ileile, ili wasipate habari sokoni zikiwa zimeongezwa chumvi.

Kama hakuna lililoamuliwa, sema hivyo. Dalili ya kwamba hatua hii imekaa sawa ni wazazi kuacha kumwendea mwalimu mkuu mmoja mmoja kwa jambo lilelile.

Hatua ya 8: Fedha, na kwa nini zisipite kwenye simu yako

Mali bila daftari hupotea bila habari, na ya darasa hupotea pamoja na heshima ya aliyeishika.

Anza na sheria. Kifungu cha 29 kinakataza shule ya umma kutoza ada ya mafunzo. Malipo mengine yanaweza kutozwa yakiidhinishwa na Waziri kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, lakini mtoto asikataliwe kuhudhuria shule kwa sababu hayajalipwa, na mtu yeyote asikusanye malipo bila kutoa risiti rasmi. Kamati yenu inaweza kujadili na kupendekeza malipo. Haina uwezo wa kuyafanya kuwa ya lazima kwa kupiga kura ya mikono siku ya mkutano, hata mkutano uwe umejaa namna gani.

Kwa hiyo mwakilishi akiambiwa, "Wakusanyie wazazi wako shilingi mia tatu kila mmoja kufikia Ijumaa," aulize maswali manne kwa upole na kwa maandishi: malipo haya yameidhinishwa na nani, ni ya hiari au ya lazima, yanatumwa kwenye namba gani, na risiti itatolewa na nani. Akikosa jibu la hata moja, asitume tangazo.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Darasa letu lilipanga safari ya kwenda kuona magofu ya Gede, nami nikakubali wazazi wanitumie nauli na kiingilio kwenye M-Pesa yangu, kwa sababu ilionekana ni rahisi. Fedha zilianza kuingia kwa majina nisiyoyajua: mume wa mtu, mwenye duka, mjomba wa Malindi. Wengine walituma za watoto wawili pamoja bila kutaja wa pili. Wazazi wawili walisema wamelipa nami sikuwaona kwenye orodha. Nilikaa jioni tatu na taarifa ya M-Pesa upande mmoja na daftari upande mwingine, na mwishowe shilingi 400 zilibaki bila mwenyewe. Nilizikabidhi shuleni nikapewa risiti, lakini kwa muhula mzima kulikuwa na mama mmoja aliyenisalimu bila kunitazama.

Tangu hapo utaratibu wetu ulikuwa huu, na nausisitiza kwa kila anayeniuliza:

- Malipo yote yanakwenda kwenye namba rasmi ya shule, na mzazi anaandika namba ya usajili ya mtoto mahali pa akaunti. Jina la aliyetuma halitasumbua tena.
- Mzazi mwenye fedha taslimu anakwenda ofisini mwenyewe na kurudi na risiti. Usimbebee.
- Mchango wa hiari, kwa mfano zawadi ya kumuaga mwalimu, unasimamiwa na wazazi wawili wasio mwakilishi, na hesabu yake inasomwa siku ileile fedha zinapotumika. Zawadi isitolewe karibu na mitihani wala kwa jina la mzazi mmoja.
- Kamwe usiorodheshe waliolipa na wasiolipa kundini. Orodha ya waliolipa ni orodha ya wasiolipa kwa mlango wa nyuma, na watoto wao watachekwa darasani kesho yake.

Ikitokea watoto wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya malipo, chukua hatua siku hiyohiyo. Andika majina ya watoto na saa waliyorudishwa, nenda kwa mwalimu mkuu na nakala ya kifungu cha 29, uombe warudi darasani wakati suala la malipo linazungumzwa na wazazi wao. Wengi hukubali hapo. Asipokubali, peleka jambo kwa mwenyekiti wa kamati na bodi ya usimamizi, kisha kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, kwa barua na kwa mpangilio huo. Usianzie kwenye mitandao, kwani utapata sauti nyingi na mtoto bado yuko nyumbani.

Siku mzazi yeyote akikuuliza fedha fulani ziko wapi, ukaweza kumjibu, "Ziko kwenye akaunti ya shule, na risiti unayo wewe," basi hatua hii umeimudu.

Hatua ya 9: Mambo yasiyopaswa kupita kwako

Kuna mambo ambayo mwakilishi akiyashughulikia kwa njia ya kawaida ya hoja na kikao atamdhuru mtoto.

La kwanza ni madai ya kunajisiwa, kuguswa vibaya au kuumizwa vikali, awe aliyefanya ni mwalimu, mfanyakazi, mwanafunzi au jamaa wa nyumbani. Usichunguze wewe. Usimhoji mtoto mara mbilimbili, usimpigie mshukiwa kumuuliza upande wake, na usikubali kamwe kuketi kwenye kikao cha suluhu cha kulipana mbuzi au fedha. Mpeleke mlezi na mtoto hospitali na kituo cha polisi bila kuchelewa, mjulishe afisa wa watoto, au piga namba 116 ya msaada kwa watoto, ambayo ni bure. Mhusika akiwa mwalimu, Tume ya Huduma za Walimu nayo ijulishwe. Asubuhi moja iliyopotea katika kushauriana inaweza kupoteza ushahidi wote.

La pili ni viboko. Kifungu cha 36 kinapiga marufuku adhabu ya kimwili na ya kumdhalilisha mwanafunzi. Wapo wazazi watakaokwambia wao wenyewe walichapwa na wakawa watu, na wakuombe uwaruhusu walimu "kidogo tu". Huna ruhusa ya kutoa. Hata mkutano wa wazazi wote hauna.

La tatu ni ugomvi wa wazazi wenyewe kuhusu nani akae na mtoto. Ukiletewa karatasi ya mahakama, iende kwa mwalimu mkuu. Ukiletewa maneno matupu, usiyabebe upande wowote.

Malalamiko ya kawaida dhidi ya mwalimu, kama kuchelewa au kutosahihisha madaftari, yaende kwanza kwa mwalimu mwenyewe, kisha kwa mwalimu mkuu. Mengi huishia hapo kwa mwalimu.

Hatua ya 10: Makabidhiano

Kabla ya mkutano mkuu wa mwaka, andaa ukurasa mmoja tu: mambo yaliyopelekwa, yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa na sababu zake, na yaliyobaki. Usome mbele ya wazazi wa darasa lako hata kama unagombea tena, na uwaachie nafasi ya kuuliza.

Mwakilishi mpya akichaguliwa, keti naye kwa saa moja. Mkabidhi kurasa zilizochapishwa za sheria, nakala za kumbukumbu, kalenda na orodha ya ahadi zisizotimizwa zenye tarehe na majina ya walioahidi. Orodha ya namba za wazazi usimpe moja kwa moja. Waulize wazazi kwanza kama wanakubali, kwani ruhusa walikupa wewe. Mpe uongozi wa kundi la WhatsApp siku hiyohiyo, ujiondoe kwenye uongozi huo, kisha futa kwenye simu yako namba za wale usio na shughuli nao nyingine. Ukurasa wa mwisho wa daftari muweke sahihi nyote wawili, na tarehe.